Mwalimu mstaafu, levodopa na chupa za antioksidanti: uchambuzi wa kisa kimoja cha Dodoma

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamume mwenye umri wa miaka sitini na ushee na mgonjwa wa Parkinson, anayeishi katika mojawapo ya vijiji vinavyolima zabibu kuzunguka Jiji la Dodoma. Jina lake, kijiji chake, vituo vya afya alivyopitia na bidhaa alizouziwa vimeondolewa, na mambo machache ya familia yamebadilishwa ili asitambulike. Humu ataitwa Mwalimu, kama majirani wanavyomwita hadi leo.

Visa vya wagonjwa wanaoacha dawa za hospitali na kushika virutubisho ni vingi, na mara nyingi hufungwa kwa kusema kwamba mgonjwa alidanganywa. Katika kisa hiki jibu hilo halitoshi. Sehemu kubwa ya aliyoelezwa Mwalimu kuhusu ubongo, oksijeni na kinga ya seli imo katika vitabu vya tiba, na binti yake, ambaye anafundisha baiolojia sekondari, aliihakiki kabla familia haijatoa fedha ya chupa ya kwanza. Hoja ilipotoka katika hatua moja tu: ilitoka kwenye ukweli kwamba kinga ya seli dhidi ya uoksidishaji, yaani uharibifu unaotokana na oksijeni, imedhoofika katika ubongo wa mgonjwa, ikarukia kwenye dai kwamba kinga hiyo hujazwa kwa kumeza vidonge. Hatua hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Usuli wa mgonjwa

Dalili ya kwanza aliyoikumbuka mkewe ni kwamba Mwalimu alianza kula mlenda wa karanga bila kutambua kuwa umeungua; alikuwa amepoteza uwezo wa kunusa. Baadaye alianza kupiga mateke na kusema kwa sauti usingizini, akawa na choo kigumu kisichokwisha, na hatimaye benki ilikataa sahihi yake kwa kuwa haikufanana na ile waliyokuwa nayo, kwani mwandiko wa mtu aliyeandika ubaoni maisha yake yote ulikuwa umesinyaa hadi kuwa mdogo usiosomeka. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka akiwa amekaa kimya, kidole gumba kikisuguana na cha shahada, na mtetemo ukapungua alipoinua kikombe.

Kwa muda mrefu hali hiyo ilichukuliwa kuwa ni uzee, kisha presha, ambayo kweli alikuwa nayo na alikuwa akiitumia dawa pamoja na aspirini ya dozi ndogo. Kuchelewa huko si jambo la ajabu nchini. Katika uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, walipatikana watu 33 wenye ugonjwa wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa kuwa wanao.

Mwalimu alipopewa rufaa na kuonwa na daktari, utambuzi haukuwa mgumu: mwendo wa kuburuta miguu, mkono wa kulia usioyumba anapotembea, misuli iliyokakamaa, na mtetemo wa upande mmoja. Dawa zinazoweza kuleta dalili za namna hiyo, hasa zile za magonjwa ya akili na baadhi ya za kichefuchefu, ziliulizwa na hakuwa akizitumia. Alianzishiwa levodopa, dawa inayogeuka kuwa dopamini (mjumbe wa kemikali wa ubongo anayepungua katika ugonjwa huu), iliyochanganywa na kabidopa inayoilinda isibadilishwe njiani, mara tatu kwa siku.

Mfululizo wa matukio

Dawa ilifanya kazi. Ndani ya wiki chache aliweza kufunga vifungo vya shati mwenyewe na kwenda shambani. Ilimletea pia kichefuchefu, jambo la kawaida mwanzoni mwa levodopa, lakini hakuna aliyekuwa amemwonya. Duka la dawa la jirani lilimpa metoklopramidi. Dawa hiyo hutuliza kichefuchefu kwa kuzuia vipokezi vya dopamini, na tofauti na domperidoni, dawa nyingine ya kichefuchefu, huingia kwenye ubongo kwa urahisi. Kwa mgonjwa wa Parkinson inazuia kile kile ambacho levodopa inajaribu kurudisha. Mwalimu akawa mzito tena, na bila kujua sababu, akaanza kuamini kwamba dawa ya hospitali imeisha nguvu.

Katika hali hiyo alialikwa na kijana wa jirani kwenye semina ya afya iliyofanyika ukumbini mjini. Mtoa mada, aliyejiita mshauri wa afya, alionyesha picha za ubongo na kueleza mambo manne. Kwanza, ubongo una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na hivyo huzalisha radikali huru nyingi, yaani molekuli zisizotulia zinazoharibu seli. Pili, mwili una vimeng'enya vya kuziua, lakini hupungua nguvu uzeeni. Tatu, glutathioni, ambayo ndiyo antioksidanti (kinga dhidi ya uoksidishaji) kuu ya seli, imepungua kwenye ubongo wa wagonjwa wa Parkinson. Nne, levodopa yenyewe huoksidika na kuongeza sumu kwenye seli zilizobaki. Kisha zikaja chupa: vitamini E ya dozi kubwa, vitamini C, koenzimu Q10, vidonge vya glutathioni, na mchanganyiko wa vitamini na madini wenye chuma.

Gharama ya mwezi ya bidhaa hizo ilikuwa mara kadhaa ya gharama ya levodopa. Fedha ya mavuno ya zabibu ya mwezi wa tatu ililipa awamu ya kwanza.

Mwanzoni Mwalimu alitumia vyote kwa pamoja, asubuhi, kwa mkupuo mmoja na chai ya maziwa. Chuma huishika levodopa tumboni na kupunguza kiasi kinachofyonzwa, na protini ya maziwa hushindana nayo kwenye njia ile ile ya kuingilia kwenye damu na kwenye ubongo. Nguvu ya levodopa ikapungua zaidi, na kila ilipopungua hoja ya mtoa mada ilipata ushahidi mpya machoni pa mgonjwa. Alipopiga simu kuuliza, aliambiwa kuwa mwili unajisafisha na kwamba dawa ya hospitali inazuia kazi hiyo. Akaiacha siku hiyo hiyo.

Siku chache baadaye hakuweza kujigeuza kitandani. Mate yalimtoka, maji yalimpalia, mwili ukawa mgumu kama ubao, joto likapanda na mkojo ukawa wa rangi ya chai. Alifikishwa hospitali akiwa amechanganyikiwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu homa. Mgonjwa mwenye homa na kuchanganyikiwa katika ukanda wetu hufikiriwa malaria, homa ya uti wa mgongo na nimonia, na hivyo ndivyo ilivyofanyika: kipimo cha malaria kilikuwa hasi, na antibayotiki zilianzishwa kwa kuwa alipaliwa na mapafu yalikuwa na mlio upande mmoja. Lakini ugumu wa misuli ulizidi ule unaoelezwa na maambukizi. Daktari wa zamu aliuliza swali ambalo halikuwa kwenye fomu ya kupokelea: ni dawa gani ameacha? Wengi huuliza mgonjwa anatumia dawa gani, na jibu la familia, kwa ukweli kabisa, lilikuwa ni orodha ya virutubisho. Swali la pili ndilo lililoifichua levodopa.

Kukatisha levodopa ghafla kunaweza kuleta hali ya hatari ya kukakamaa, homa, na kuvunjika kwa misuli kunakoweza kuziba figo. Timu iliamua kutosubiri majibu yote ya maabara. Mgonjwa alipewa maji kwa mishipa, akawekewa mpira wa puani kwa sababu hakuweza kumeza salama, na levodopa yake ya kawaida ikasagwa na kurudishwa kwa dozi aliyokuwa akitumia awali. Aina ya vidonge ilihakikiwa kwanza, kwani vile vinavyotoa dawa polepole havitakiwi kusagwa.

Uamuzi wa pili ulihusu chupa. Vidonge vyenye chuma vilisimamishwa mara moja, kwa kuwa kipimo cha damu hakikuonyesha upungufu uliovihitaji. Vitamini E ya dozi kubwa ilisimamishwa pia, kwa kuwa huongeza uwezekano wa kuvuja damu na Mwalimu alikuwa kwenye aspirini. Koenzimu Q10 na vitamini C hazikupigwa marufuku. Hili lilileta mjadala kati ya wauguzi na madaktari, na waliolipinga walikuwa na hoja: kuruhusu nusu ya mzigo ni kama kukubali kuwa unasaidia. Waliolitetea walisema familia iliyokwisha kulipa fedha nyingi na kushawishika kwa hoja za kisayansi haitaacha vyote kwa amri, bali itavitumia kwa kificho, na kificho ndicho kilichomleta wodini. Walioitetea njia ya pili walishinda, na kwa maoni ya mwandishi walikuwa sahihi, ingawa si kwa sababu Q10 ina faida.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kumjibu binti yake kwa ukamilifu.

Swali la binti

Binti alikuja na daftari. Alimwamkia daktari, akakaa, kisha akauliza: "Daktari, nimesoma mwenyewe. Glutathioni kwenye ubongo wa wagonjwa hawa imepungua kweli. Kama imepungua, kwa nini kuiongeza ni kosa?"

Jibu lilianza kwa kukubali. Seli za neva zinazotengeneza dopamini, zilizo katika sehemu nyeusi ya ubongo wa kati, ziko kwenye mazingira magumu kuliko neva nyingi nyingine. Kila moja ina matawi mengi mno ya kuyalisha nishati. Hujipigia mdundo zenyewe kwa kuruhusu kalisi kuingia mara kwa mara. Na dopamini inapovunjwa na kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidasi huzaa haidrojeni peroksaidi. Eneo hilo lina chuma kingi, na chuma kikikutana na peroksaidi hutokea radikali ya haidroksili, iliyo kali kuliko zote. Mwaka 1989 ilionyeshwa kwamba sehemu ya kwanza ya mnyororo wa nishati wa mitokondria, iitwayo kompleksi I, inafanya kazi pungufu katika eneo hilo kwa wagonjwa wa Parkinson, na tafiti za miaka ya 1990 zilikuta glutathioni pungufu kwa takriban asilimia 40. Upungufu huo ulionekana hata kwa marehemu ambao hawakuwa na dalili wakati wa uhai lakini ubongo wao ulikuwa na mabadiliko ya mwanzo ya ugonjwa. Kwa hiyo si jambo la mwisho wa ugonjwa tu.

Hapo mtoa mada wa semina na daktari walikuwa pamoja. Walipoachana ni kwenye maana ya neno kinga. Kinga ya seli si akiba ya vitu vinavyomezwa. Ni kazi inayofanywa na vimeng'enya ndani ya seli yenyewe. Supaoksidi dismutasi, inayoivunja radikali iitwayo supaoksidi na iliyotambuliwa na Joe McCord na Irwin Fridovich mwaka 1969, ni miongoni mwa vimeng'enya vyenye kasi kubwa zaidi vinavyojulikana, na molekuli moja hurudia kazi yake tena na tena bila kutumika. Molekuli ya vitamini E hukamata radikali na kisha hungoja molekuli nyingine kuirudisha katika hali yake. Peroksaidi inayobaki huondolewa na katalasi na vimeng'enya vinavyotumia glutathioni, na glutathioni iliyotumika hurudishwa kwa nishati inayotokana na sukari. Juu ya yote hayo yuko msimamizi, protini iitwayo Nrf2, ambayo kwa kawaida hushikiliwa na kuvunjwa kwa msaada wa protini nyingine, Keap1. Mkazo ukizidi, huachiwa, huingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni nyingi za kinga kwa pamoja. Seli iliyokosa nishati, iliyojaa protini ya alfa-sinukleini iliyojikunja vibaya, haiwezi kuendesha mfumo huu hata ikizungukwa na malighafi.

Glutathioni ya kumeza haifiki hata hapo. Sehemu kubwa huvunjwa tumboni na kwenye ini kuwa asidi amino tatu zilizoiunda, na kizuizi kati ya damu na ubongo hakiipitishi kwa wingi. Binti, ambaye mtaa wake hupata maji kwa mgao, alilifupisha mwenyewe: tangi la mlimani kujaa si hoja ya kuwa bomba la nyumbani linatoka. Daktari alikubali, akaongeza kuwa hata ilipojaribiwa kwa kupulizwa puani, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, haikuonyesha ubora dhidi ya maji ya chumvi, kwa kuwa makundi yote yaliimarika.

Kisha vikafuata vidonge vingine, kimoja kimoja. Vitamini E ilijaribiwa kwa wagonjwa 800 wa Parkinson ya mwanzo nchini Marekani na Kanada, kwa dozi ya yuniti 2000 kwa siku, katika jaribio lililojulikana kama DATATOP; matokeo ya mwaka 1993 yalionyesha kwamba haikuchelewesha ugonjwa. Koenzimu Q10 ilileta matumaini mwaka 2002 katika kundi dogo la wagonjwa 80, na binti alikuwa na nakala ya habari hiyo kwenye simu yake. Hakuwa na habari ya jaribio kubwa lililofuata, lenye wagonjwa 600 na dozi za miligramu 1200 na 2400 kwa siku, ambalo lilisimamishwa mwaka 2011 baada ya kuonekana kuwa haliwezi kuonyesha faida. Urati, antioksidanti ya asili ya damu, ilipandishwa kwa dawa ya inosini katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021. Ugonjwa haukupungua kasi, na mawe ya figo yakaongezeka.

Jambo la nne la semina, kwamba levodopa ni sumu, lilihitaji muda mrefu kuliko yote, kwa sababu lina mzizi wa kweli. Levodopa ikimwagwa juu ya seli za neva maabara, kwa dozi kubwa, huoksidika na seli hufa. Wasiwasi huo uliwafanya madaktari wengi wa miaka ya 1990 kuchelewesha dawa kwa makusudi. Lakini bakuli la maabara halina seli saidizi zinazozilinda neva, wala halina mwili wa kuisambaza dawa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2004 liliwapa wagonjwa 361 levodopa kwa dozi tofauti au kidonge kisicho na dawa. Baada ya dawa kusimamishwa kwa muda, waliokuwa wameitumia walikuwa na hali nzuri kuliko wasioitumia, kinyume cha inavyotarajiwa kwa sumu. Jaribio jingine la mwaka 2019, lenye wagonjwa 445, liliwalinganisha walioanza mapema na waliochelewa, na halikuona madhara wala ulinzi wa ziada. Levodopa haiponyi na haizuii ugonjwa kusonga mbele. Inarudisha mjumbe aliyekosekana, nayo hufanya hivyo vizuri tangu ilipothibitishwa miaka ya 1960.

Binti aliuliza jambo moja zaidi: je, kuna ugonjwa wowote wa neva ambao antioksidanti huutibu? Upo. Kuna ugonjwa wa kurithi ambamo ini hukosa protini ya kuisafirisha vitamini E; mgonjwa hupoteza usawa wa mwendo taratibu, na vitamini E ya dozi kubwa kwa maisha yote husimamisha kudhoofika huko. Pale kilichokosekana ni vitamini yenyewe, na ndiyo maana kuitoa kunatibu. Mfano wa upande wa pili ni ugonjwa wa neva za misuli uitwao ALS. Mwaka 1993 iligunduliwa kuwa baadhi ya familia zenye ugonjwa huo zina kasoro kwenye jeni ya supaoksidi dismutasi, na wengi walidhani mara moja kwamba neva hufa kwa kukosa kimeng'enya hicho. Ikaja kubainika kwamba aina nyingi za kimeng'enya chenye kasoro bado hufanya kazi yake, na kwamba kinachoua ni umbo lake lililojikunja vibaya. Tofeseni, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa wagonjwa hao, hupunguza utengenezaji wa antioksidanti hiyo.

Binti alilinakili hilo la mwisho na kulipigia mstari.

Matokeo

Joto lilishuka ndani ya siku chache, figo hazikudhurika kwa kudumu, na baada ya wiki Mwalimu alikaa mwenyewe kitandani. Aliruhusiwa akiwa na ratiba iliyoandikwa kwa mkono wa binti yake: levodopa nusu saa au zaidi kabla ya kula, kwa maji na si kwa maziwa; maharage na nyama vihamie zaidi kwenye mlo wa jioni; metoklopramidi isitumike, na jina lake likaandikwa kwa wino mwekundu juu ya kadi ya kliniki ili muuza duka aione.

Hakurudi kikamilifu alipokuwa. Hatua zake zilibaki fupi kuliko kabla ya kuacha dawa, na anahitaji fimbo kwenye ardhi isiyo sawa. Aliendelea na Q10 kwa muda, kisha akaiacha mwenyewe mvua zilipochelewa na fedha ikawa ya kuchagua. Juisi ya ubuyu anayotengenezewa na mkewe inaendelea, na hakuna aliyeona sababu ya kuiingilia.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kushindwa kwa kwanza kulitokea siku dawa ilipotolewa, miezi mingi kabla ya semina. Mgonjwa aliondoka na vidonge bila kuambiwa kuhusu kichefuchefu, kuhusu chakula, wala kuhusu hatari ya kuacha ghafla. Maelezo hayo matatu huchukua dakika chache. Kila moja lilipokosekana liligeuka kuwa ushahidi dhidi ya dawa: kichefuchefu kilileta metoklopramidi, metoklopramidi ilileta uzito, maziwa na chuma vikaukamilisha. Semina iliikuta imani iliyokwisha kutoboka. Ni rahisi kumlaumu mtoa mada, na analaumika, hasa kwa kumwambia mgonjwa aache dawa. Lakini anaondolewa nguvu zaidi na kadi ya kliniki iliyojazwa vizuri kuliko na onyo la jumla dhidi ya wauza virutubisho.

Kushindwa kwa pili kulikuwa kwa lugha. Mwalimu, katika mahudhurio yake ya kliniki kabla ya kulazwa, aliwahi kutaja vidonge vya kuondoa sumu, na akajibiwa kuwa huo ni upuuzi. Baada ya hapo hakuvitaja tena. Mtu aliyefundisha watoto maisha yake yote hutambua jibu lisilo na maelezo, na hulipima kwa kulilinganisha na lile lenye picha na takwimu.

Kilichofaa zaidi ni swali la dawa iliyoachwa, na uamuzi wa kurudisha levodopa mapema. Kilichofaa pia, ingawa kilichukua muda ambao kliniki zetu hazina, ni kujibu swali la binti kwa kutenganisha sehemu ya kweli na isiyo ya kweli. Haikusemwa kwamba antioksidanti hazina maana popote. Ilielezwa hata kwamba kwa wagonjwa wa Alzheimer wa kiwango cha chini na cha kati, jaribio la mwaka 2014 lililohusisha maveterani 613 nchini Marekani lilikuta vitamini E ikipunguza kidogo kasi ya kupoteza uwezo wa shughuli za kila siku, bila tofauti ya wazi kwenye kumbukumbu. Daktari aliyeficha hilo angekuja kugunduliwa na binti mwenye daftari.

Kuna jambo la pembeni ambalo mjomba wa familia alilizusha na linastahili kutajwa. Alisikia kwamba upupu, ule ule unaowasha vichakani, hutibu kutetemeka. Mbegu za upupu zina levodopa ya asili kwa kiasi kikubwa, na zimewahi kujaribiwa kitaalamu kwa wagonjwa. Kinachozifanya zisaidie si antioksidanti, na kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, bila kabidopa ya kuilinda isibadilishwe kabla ya kufika kwenye ubongo. Familia ilishauriwa kutoichanganya na vidonge.

Swali la viuatilifu

Mwana wa Mwalimu, ambaye sasa ndiye anayelisimamia shamba la mizabibu, aliuliza kama miaka ya kupulizia dawa bila barakoa ndiyo iliyomletea baba yake ugonjwa, na kama yeye mwenyewe yuko kwenye mstari. Swali hili linahusiana moja kwa moja na kinga ya seli. Mwaka 1983 madaktari wa California walieleza vijana waliopatwa na Parkinson ya ghafla baada ya kujidunga heroini bandia yenye kemikali iitwayo MPTP, ambayo zao lake mwilini huziba kompleksi I. Rotenoni huziba sehemu hiyo hiyo, na parakwati huzalisha supaoksidi kwa mzunguko usiokoma ndani ya seli. Utafiti wa wapulizaji wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta waliotumia mojawapo ya viuatilifu hivyo viwili wana uwezekano wa takriban mara mbili na nusu wa kuwa na Parkinson.

Lakini dawa za ubwiri unga zinazotumika sana kwenye zabibu ni salfa, na za ubwiri vinyoya ni zenye shaba, ambazo si za kundi hilo. Familia iliombwa kuleta makopo ya zamani yaliyokuwa stoo. Yaliyokuwa bado na lebo zinazosomeka hayakuwa na rotenoni wala parakwati. Mengine yalikuwa chupa za maji ya kunywa zilizojazwa dawa iliyopimwa dukani, zisizo na maandishi yoyote, na kwa sababu hiyo kwenye faili la Mwalimu kisanduku cha viuatilifu kimejazwa "havijulikani". Mwana alinunua glavu, miwani na barakoa kabla ya msimu uliofuata, na makopo mapya sasa huyahifadhi yakiwa na lebo zake.